Jiwe Limepata Jina, Mtoto Bado

Jumatatu, 2 Oktoba

Tumeanza kuvunja mahindi nyuma ya nyumba. Mwaka huu ni mazuri, punje zimejaa mpaka nchani. Nilivunja mistari michache kabla ya kwenda kazini, na kila mara nilijikuta nikigeuka kuona kama kuna mtu nyuma yangu na gunia. Kunifuata na gunia ilikuwa kazi ya Cyril.

Naandika kwa sababu nikiongea, Aketch mke wangu hulia, na Lorraine hukasirika. Karatasi haifanyi hivi wala vile.

Mambo yalivyo ni haya. Mwanangu Cyril, Odera kwa jina la Kiluo, alikwenda Taita mwaka jana kuchimba mawe ya kijani. Mwezi uliopita shimo lao liliporomoka, upande wa Kasigau, karibu na mbuga ya Tsavo. Wenzake wawili walitolewa wamekufa. Yeye hakuonekana, si mzima si maiti. Mwenye shimo alisema kuta bado zinaanguka, wataendelea kuchimba wakipata magogo ya kuzishikilia. Lorraine, mke wa Cyril, ana mimba kubwa na anakaa nasi hapa Kapseret, nje ya Eldoret. Majirani hawajui waje kutupa pole au waje tu kutusalimia. Sisi pia hatujui tuwapokee vipi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Baridi asubuhi. Malori ya mahindi yamepanga foleni kutoka kwenye mashine ya kukaushia ninakofanya kazi mpaka barabara kuu. Nilirudi nimechoka, nikalala bila kula.

Jumapili, 8 Oktoba

Tulipotoka kanisani tulimkuta kijana amekaa kwenye ngazi ya mlango wetu, mkoba katikati ya miguu. Alisimama akavua kofia. Alisema anaitwa Munene, kwao ni Embu, na alikuwa anachimba na Cyril shimo moja.

Mkoba ulikuwa wa Cyril. Ndani kulikuwa na shati, koti la baridi ambalo sijui kule kwenye joto alilitumia wapi, na sabuni iliyotumika nusu. Aketch alichukua ile sabuni akainusa, akaenda nayo jikoni. Halafu Munene akatoa mfukoni karatasi ya mkate iliyokunjwa, akaniwekea mkononi.

"Mzee, hii ni yake. Aliitoa yeye mwenyewe, kwa mkono wake."

Ni jiwe dogo kama punje ya hindi. Ukiliangalia mezani unaona kipande cha chupa. Ukiliinua dirishani linakuwa kijani kama jani changa la mahindi asubuhi baada ya mvua, na unahisi kama kuna mtu amewasha taa ndani yake. Lorraine alilishika muda mrefu. Akauliza linaitwa nani. Si linaitwaje. Alisema nani.

Munene akacheka kidogo. Alisema wao shimoni huliita grini tu, lakini jina lake la dunia nzima ni tsavoraiti. Akatusimulia jinsi lilivyolipata. Mzungu mmoja mtafuta madini aliliona kwanza upande wa Tanzania, miaka ya sitini. Wenye elimu walijua ukoo wake, kwamba ni aina ya kito kiitwacho ganeti, lakini halikuwa na jina la kuitwa nalo. Hakuruhusiwa kulitoa kule. Basi akafuata mwamba ule ule kwa miguu mpaka akavuka mpaka, na huku kwetu akalipata tena. Duka moja kubwa la vito huko Marekani ndilo lililotafuta jina la kuliuzia, na kwa kuwa lilitoka karibu na Tsavo, likaitwa hivyo.

Aketch alikuwa amerudi na chai. Akasema, "Kwa hivyo lilipotea upande ule likapatikana upande huu."

"Halikupotea, mama. Mwamba ni mmoja. Mpaka ni wa watu."

Ndipo Munene akatuambia jambo ambalo hatukulitarajia. Asubuhi ile hakuna aliyemwona Cyril akishuka. Alikuwa akizungumza sana habari za mashimo ya Tanzania, na huenda aliondoka alfajiri bila kuaga, hana hata habari kwamba shimo limeanguka. Nilimuuliza mara mbili. Mara zote mbili alijibu akitazama kikombe chake.

Lorraine hakulia. Alisimama akaanza kupanga nguo za Cyril kwenye sanduku, za kuvaa mtu akirudi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Kazini nimefanya kazi ya watu wawili. Jiwe liko kwenye mfuko wa shati langu. Mungu ambariki yule kijana.

Jumamosi, 14 Oktoba

Dada yangu Leonida amefika kutoka kwetu Ugenya, na kuku mmoja na maneno mengi. Hajamaliza hata maji ya kunywa akaanza. Wazee wanauliza. Mtu ameangukiwa na mlima, baba yake anavuna mahindi Eldoret kama kawaida, kuna nini? Alisema kama mwili haupatikani, mila ipo. Unakatwa yago, lile tunda refu zito linaloning'inia kama mkono wa mtu, linavikwa nguo ya marehemu na kuzikwa mahali pake nyumbani. Roho inatulia. Lakini hakuna mtu anaweza kuukata mpaka baba atoe neno.

Nilimwambia sitoi neno la kumzika mtu ambaye huenda anakunywa chai Tanzania.

"Owadwa," alisema, yaani ndugu yetu, na akiniita hivyo najua kuna mzigo unakuja. "Tanzania hakuna simu?"

Nilitoka nje. Nilikaa kwenye rundo la magunzi mpaka ndege ya jioni ikapita kwenda kutua. Cyril akiwa mdogo alikuwa akilala chali juu ya mahindi yaliyoanikwa, anangoja ndege. Ilikuwa ikipita juu yake anafumba macho. Nilimuuliza mbona unangoja kitu halafu unafumba macho. Alisema anataka kuisikia tumboni.

Leonida ana roho ya haraka. Tangu utotoni alikuwa akichuma maembe mabichi.

Jumatano, 18 Oktoba

Mvua ya mchana. Tuliwahi kufunika mahindi.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mvua tena. Si mvua ya msimu huu. Wakulima wanaleta mahindi yenye maji na kunigombeza mimi, kana kwamba mawingu ni yangu.

Munene amepiga simu kutoka kule. Mvua imeanza kwao pia, kubwa kuliko hii. Shimo limejaa maji mpaka juu. Mwenye shimo ameondoa pampu na magogo na watu wake. Hakuna atakayechimba pale tena. Nilimuuliza na Tanzania je, kuna aliyemwona? Akasema bado anaulizia. Nikasikia maji yakidondoka mahali alipokuwa amesimama, na hakuna kati yetu aliyekata simu.

Niliwaambia akina mama nusu ya habari. Nilisema kuna mvua.

Jumapili, 29 Oktoba

Mchungaji hajui atuombee vipi. Leo amemwombea Cyril kama msafiri. Aketch hakusema amina. Nilimsikia kwamba hakusema.

Njiani nilimuuliza. Alisema, "Wewe unaombea msafiri. Mimi nilinusa ile sabuni. Msafiri haachi sabuni yake."

Jumamosi, 4 Novemba

Lorraine amejifungua mtoto wa kiume hospitalini mjini, asubuhi, wote wazima. Ana nywele nyingi na mdomo wa ukoo wetu. Nimemshika. Nilitaka kuandika mengi nikakuta sina.

Jumatatu, 6 Novemba

Mtoto yuko nyumbani na hanyamazi. Si njaa, maziwa yapo. Si homa, nesi amempima. Analia mpaka uso unakuwa mweusi, anapumzika, anaanza upya.

Kwetu hilo lina maana yake. Mtoto akilia hivyo anadai jina. Kuna mtu wa ukoo aliyetangulia anataka kuitwa ndani yake, na mpaka mumtaje hatulii. Sisi ni Wakristo, mimi ni mzee wa kanisa, lakini jina langu la Kiluo lilipatikana hivyo hivyo, na la mchungaji wetu pia, yeye mwenyewe aliwahi kunieleza akicheka.

Leonida alimbeba akaanza. Kama ni wewe baba Nyangweso, nyonya. Kama ni wewe Oluoch uliyekufa vitani, nyonya. Alipita wazee, akapita wajomba, akaingia kwa watu ambao hata mimi siwajui. Aketch akamwambia anaita majina kama karani wa kura. Tulicheka wote, hata Lorraine, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa. Mtoto akaendelea kulia.

Kuna jina moja Leonida hakulitaja. Alifika karibu nalo, akanitazama, akaruka. Jina la mtu aliye hai halidaiwi na mtoto. Ukilitaja, umesema mwenyewe hayupo.

Jumatano, 8 Novemba

Analia. Mvua.

Ijumaa, 10 Novemba

Analia. Aketch anambeba mgongoni akipika, Leonida akifua, mimi nikirudi kazini. Mahindi tuliyovuna yanatoa joto ukiingiza mkono ndani ya gunia. Lazima yaanikwe au yataoza, na jua halitoki.

Jumapili, 12 Novemba

Leo Lorraine ametuita sote sebuleni. Alikuwa amesuka nywele. Alisema amechoka kuona mtoto wake akipitishwa kwenye makaburi. Yeye ndiye mama na amepata jina. Mtoto ataitwa Tsavo.

Alieleza vizuri, nadhani alikuwa amejipanga siku nyingi. Baba yake yuko huko. Mtoto wa Mjaluo akizaliwa njiani huitwa kwa njia, akizaliwa wakati wa mvua huitwa kwa mvua, si ndiyo? Basi huyu aitwe kwa mahali baba yake alikokwenda kumtafutia maisha. Hata jiwe lilikuwa halina jina la kuitwa nalo, likapewa la mahali, na sasa linajulikana mpaka ng'ambo. "Cyril akirudi," alisema, "atamkuta mtoto ana jina zuri. Na kama anataka lingine ataongeza mwenyewe."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nilikubali kwa moyo wote. Niliona jina ambalo naweza kulitamka na mwanangu akabaki hai.

Leonida alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Hatuiti mtoto jina la mahali palipomla baba yake."

Lorraine alimwambia shangazi, hakuna anayejua kama pamemla. Leonida akajibu kwamba kila mtu humu ndani anajua, ila kuna mmoja anangoja ruhusa ya mwingine. Nilipaza sauti. Nilimwambia dada yangu kwamba amekuja kwangu na jembe la kaburi, na kama kazi yake ni hiyo arudi Ugenya kesho.

Alisukuma sahani ya maharagwe, akakaa na mikono juu ya magoti. Kisha akasema taratibu, kama anaongea na watoto:

"Wangu alikwenda Juba na lori. Ndugu zake walisema tungoje. Nilingoja mpaka meno yakaanza kung'oka. Sikuwa mjane, sikuwa mke. Kwenye harusi sikujua nikae na nani. Usimfanyie msichana huyu hivyo, Jacktone."

Mimi habari za shemeji yule nazijua tangu zamani. Nilikuwa mmoja wa waliosema tungoje. Lakini sikuwahi hata siku moja kumuuliza alikuwa akikaa wapi kwenye harusi.

Jumatatu, 13 Novemba

Leonida hakuondoka, na sikumwambia tena aondoke. Lorraine anamwita mtoto Tsavo. Anamwita mara nyingi, kwa sauti kubwa kidogo. Analia.

Alhamisi, 16 Novemba

Kazini nilichukua jiwe nikaliinua kwenye taa ya ofisi. Usiku wa jana niliota nalitafuta jina lake na kila ninayemuuliza ananitajia mji. Nimempigia Munene simu, nikamwambia mtoto amezaliwa, aje amwone. Sijui kwa nini nilimwita. Nilisema ni kwa sababu ya mtoto.

Jumapili, 19 Novemba

Munene amekuja. Amekonda. Alileta shali ya mtoto na kilo mbili za sukari, akavua viatu mlangoni ingawa tulimwambia asivue.

Lorraine alimpa mtoto ambebe. Alimweleza kwa furaha kwamba ni yeye Munene aliyetupatia jina, kwa ile hadithi yake ya jiwe. "Msalimie mjomba wako, Tsavo."

Niliona mtoto akianza kumteleza kijana mikononi. Aketch aliona pia, akamchukua mtoto upesi. Munene akasema angependa kuona mahindi, kwao Embu hawana mahindi makubwa hivi. Nikampeleka ghalani.

Alisimama katikati ya magunia. Aliingiza mkono kwenye gunia moja lililo wazi, akaacha punje zipite kati ya vidole, akarudia. Nilimngoja. Nafikiri nilijua.

"Mzee, usiwaache wamwite hivyo."

Nilimuuliza sababu. Alianza mbali. Alisema lile jina la mahali lina umri mkubwa kuliko mbuga, kuliko reli, kuliko hata mzungu wa jiwe. Wazee wa Kikamba aliofanya nao kazi humwambia kwamba maana yake ni machinjo, kwamba hapo zamani watu waliuana sana. Yeye hajui kama ni kweli. Wenye duka kule Marekani huenda hawakuuliza, au waliuliza na hawakujali, jiwe halijali. Lakini mtoto.

Nikamwambia, "Munene, hukunivuta mpaka huku kwa ajili ya Kikamba."

Akaacha mahindi.

"Nilimwona akishuka, mzee. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika kamba."

Nilikaa juu ya gunia. Aliendelea amesimama, mikono ubavuni kama mtoto anayesoma shairi shuleni. Cyril alikuwa wa mwisho kushuka. Kamba ilikuwa imekaza mikononi mwa Munene, nzito, vizuri, halafu mlima ukatoa sauti kama mtu anayekohoa, na kamba ikawa nyepesi. Aliivuta yote ikaja. Alichimba na wengine mpaka wakaambiwa waache. Kisha akasafiri kuja kutuambia. Alikuwa amejipanga atakavyosema tangu Voi. Alipofika mlangoni akaona tumbo la Lorraine, akaona anavyomtazama, na maneno mengine yakatoka yenyewe. Alidhani atatupa muda mpaka ajifungue. Baadaye kila nilipouliza habari za Tanzania, ile Tanzania ikawa kubwa zaidi, na hakujua ataivunja vipi.

Nilitaka kumpiga. Nimeishi miaka yangu yote bila kumpiga mtu, hata Cyril sikumpiga ipasavyo, na pale nilitaka. Nilimuuliza badala yake kama mwanangu alisema neno kabla hajashuka.

"Alisema nimwekee chai."

"Uliiweka?"

"Niliiweka."

Cyril hakunywa chai ya moto maishani mwake. Alikuwa akiipuliza hata imeshapoa, anapuliza tu, kwa mazoea. Nilimwambia Munene hivyo. Alisema ndiyo, walikuwa wakimcheka shimoni. Basi tukakaa mle ghalani wanaume wawili tunazungumza jinsi mtu alivyokuwa akipuliza chai, mpaka Aketch akatuita tule.

Nimemwomba asiondoke. Analala kwenye kiti kirefu sebuleni. Nilikuwa nimemfikiria mwongo tangu nianze kushuku, na ni mwongo kweli, lakini ni mtu aliyeshika kamba mpaka mwisho, na sijui nimpe lawama ipi kwanza.

Jumatatu, 20 Novemba

Sijamwambia mtu. Nilifungua mdomo wakati wa kifungua kinywa, nikaomba chumvi.

Jumanne, 21 Novemba

Leo jua lilitoka tangu asubuhi, jua kali, safi. Niliomba ruhusa kazini. Tulitandaza maturubai mbele ya nyumba, sote, tukamwaga mahindi yote. Leonida na Lorraine walikuwa wakiyageuza kwa miguu, Aketch akiokota yaliyooza, Munene akibeba magunia kana kwamba analipa kitu. Mtoto alikuwa ndani kitandani, analia. Tumeshazoea, inasikitisha kuandika hivyo.

Saa za mchana upepo ukageuka. Ukitazama upande wa Ngeria ulikuwa mweusi mpaka chini. Tukaanza kukimbia. Mvua ikiyakuta mahindi yaliyotandazwa, mwaka umepotea. Wengine walikunja ncha za turubai, wengine walizoa kwa karai, kwa ndoo, Lorraine alijaza kwenye leso yake. Mtoto alikuwa akilia zaidi, na katikati ya zile mbio nikasikia kile kilio kama sijawahi kukisikia, kwamba kuna mtu mmoja nyumba nzima anayesema kweli na sisi wote tumempa mgongo kwa sababu ya mahindi.

Niliweka karai chini. Nikaingia ndani na miguu yangu ya vumbi.

Nilimchukua. Alikuwa moto, amelowa, ngumi zimekazwa. Nilimweka begani, nikasema, "Odera."

Sikusema kwa nguvu. Nikasema tena. "Odera. Kama ni wewe, baba, umefika. Odera."

Ningependa kuandika kwamba alinyamaza. Katika habari za watu wengine mtoto hunyamaza. Huyu alilia vile vile, sikioni mwangu. Aliyenyamaza ni Lorraine. Alikuwa mlangoni, leso imejaa mahindi, sikuwa nimemwona akija.

"Baba," alisema. "Umemwitaje?"

"Odera."

"Nani amekuambia?"

Nilitikisa kichwa upande wa nje, kwa Munene. Akageuka kumtazama. Munene alikuwa amesimama katikati ya turubai na gunia mgongoni, na hakutazama pembeni. Lorraine akaachia leso. Mahindi yakamwagika mlangoni yote, yakaviringika mpaka chini ya viti. Alikaa juu ya mahindi pale pale, sakafuni, akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Akamshika, akamtazama usoni muda mrefu, akamwambia kwa sauti ndogo kabisa, "Odera." Kisha kifua chake kikafunguka, na kile kilio nilikuwa nikikiogopa tangu mwezi wa tisa kikatoka.

Nje Aketch alisikia. Aliinua mikono kichwani akapiga yowe la kwetu, lile la msiba, na Leonida akalipokea. Majirani wa Kikalenjin walikuja wakikimbia, wakijua sasa waje kama nani. Mama Chebet alimshika Aketch kiunoni. Wanaume waliingia moja kwa moja kwenye mahindi, wakaokoa waliyoweza. Mengine mvua iliyakuta. Niliyaona yakielea kwenda barabarani, sikusimama.

Kabla ya giza nilimpigia simu mzee wetu Ugenya, nikampa neno.

Jumatano, 22 Novemba

Watu wamejaa. Viti vimetoka kanisani. Mtoto analia, analala, analia kama watoto.

Jumapili, 26 Novemba, Ugenya

Jana tumemzika. Yago ulikatwa alfajiri na ami yangu. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, ilibidi wanaume wawili. Aketch aliuvika lile shati lililorudi kwenye mkoba, akafunga vifungo vyote, cha shingoni pia, ambacho Cyril hakupenda kukifunga. Nilitaka kumwambia, nikaacha. Mchungaji alisoma maneno yake na wazee wakasema yao na hakuna aliyegombana.

Nilikuwa nimefikiria kulizika lile jiwe pamoja naye. Lilitoka ardhini, lirudi. Leonida alikataa. Alisema kaburini anaingia mtu tu, wala si kazi aliyoifanya. Basi nilimpa Lorraine baada ya watu kula. Alilitia ndani ya kitambaa cha mtoto, akafunga fundo. Alisema mwanawe akimuuliza hili ni nini atamtajia jina lake, na lilikotoka hilo jina, na nani alilitoa gizani.

Munene alishika jembe mpaka kaburi likajaa. Wengine walitaka kumpokea zamu, hakuachia. Baadaye Aketch alimnyoa nywele yeye mwenyewe, kama desturi ya msiba, pamoja nasi wanaume wa nyumbani.

Leonida na Lorraine walikaa mkeka mmoja, upande wa wajane. Leonida alimsogezea nafasi.

Jumamosi, 2 Desemba

Tumerudi Kapseret. Jua. Mahindi yaliyobaki yamekauka, si mengi. Kichwa changu kinahisi baridi bila nywele.

Jumanne, 5 Desemba

Sikwenda kazini. Sikuumwa.

Jumapili, 10 Desemba

Hatutamki jina la mtoto sana. Tumelipata kwa taabu, na sasa tunalizunguka kama chungu cha moto. Lorraine anasema mtoto. Mimi nasema bwana mdogo. Nilianza kuogopa kwamba tumemzika mmoja na kumnyima wa pili.

Leo baada ya kanisa nilikuwa nje natengeneza mlango wa ghala. Aketch alikuwa dirishani akimbadilisha nguo. Nikamsikia akisema, kwa sauti ile kali aliyokuwa akiitumia zamani, ya mama aliyeshikwa na kazi: "Odera, umenikojolea tena. Gauni la kanisa hili. Odera, una adabu wewe?"

Nilishusha nyundo. Nilijua amesikia alichosema, na jinsi alivyokisema, na kwamba mara ya mwisho aliuliza swali hilo humu ndani alikuwa akimuuliza mtu mwingine. Nilingoja kilio.

Nikasikia maji yakimwagwa kwenye beseni.

"Leta mguu," akasema. "Huo mwingine. Odera, leta mguu."